Mtoto Aliyezaliwa kwenye Fomu

Kama hujawahi kuishi na mtu ambaye kazi yake ni kuvunja kile unachojenga, usiseme unaijua subira. Fundi alikuwa ameolewa na mtu wa namna hiyo. Yeye alitengeneza fomu za mtandaoni: za zahanati, za maktaba, za madarasa ya kuogelea, zile ambazo mtu hujaza jina na tarehe ya kuzaliwa, akabonyeza kitufe, kisha akaomba Mungu. Mumewe alikaa meza ya pili, mgongo kwa mgongo na mkewe, na kazi yake ilikuwa kuzijaribu fomu hizo mpaka zishindwe. Akiona sehemu ya jina, anaandika namba. Akiona sehemu ya namba ya simu, anaandika salamu ndefu za shemeji. Kitufe kilichoandikwa "Bonyeza mara moja" alikigonga kama anayebisha hodi kwenye nyumba inayoungua. Ndiyo maana mkewe alimwita Mvunjaji, na jina likamganda mpaka wateja nao wakalizoea.

Ofisi yao ilikuwa chumba cha nyuma cha nyumba yao wenyewe. Palikuwa na meza mbili, dirisha lililotazama kamba ya kuanikia nguo, kompyuta mbili mpya, na moja kuukuu iliyokaa chini ya meza kwa sababu ilinguruma na kwa sababu juu hapakuwa na nafasi. Ile kuukuu ilihitajika sana. Watu wasioijua kazi hii hudhani fomu ni fomu, ukishaiandika imeandikika. Thubutu! Fomu husomwa na kivinjari, ile programu inayokufungulia mtandao, na vivinjari ni kama ndugu wa ukoo mmoja: umewaita wote kikaoni, umewaambia jambo lile lile, na kila mmoja ameondoka na lake. Kwa hiyo wakavipa majina ya ukoo. Cha kwanza walikiita Shangazi, maana kilikagua kila kitu na kukataa kwa sauti ya juu. Cha pili kilikuwa Mjomba, aliyekubali lolote kwa tabasamu kisha akafanya anavyotaka. Cha tatu, kilichoishi kwenye ile kompyuta ya chini, kilikuwa Babu. Babu hakuwa amesasishwa kwa miaka mingi. Maneno mapya hakuyajua, na neno asilolijua aliliruka kimya kimya, bila kumwambia mtu.

Lakini kompyuta za aina ya Babu bado zilikuwa nyingi huko nje, na wenye nazo wana watoto wa kuandikisha kama watu wengine. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Mvunjaji alisema kila alipopiga magoti kwenda kumjaribu Babu, na Fundi alicheka kila mara, ingawa mzaha wenyewe ulikwisha kuchakaa. Akiacha kucheka, alijua, nyumba ingepungukiwa kitu.

Sasa, huwezi kujaribu fomu bila kumwandika mtu, na hawa wawili walikuwa na mtu wao. Aliitwa Ng'ari. Mvunjaji ndiye aliyemwumba, zamani, kwa ajili ya fomu ya daktari wa meno. Alimchagulia jina lenye kile kialama cha juu ambacho skripti nyingi, yale maagizo yanayoiendesha fomu, hukisoma vibaya zikachanganyikiwa, na akampa tarehe ya kuzaliwa ishirini na tisa Februari, tarehe ambayo skripti ya kivivu huapa kwamba haipo. Mtoto mwenye jina lile na tarehe ile akipita salama, wa watu wote watapita. Ila fomu haziulizi jina na tarehe tu. Zinauliza mtoto anaogopa nini, hali nini, analala saa ngapi. Wakawa wanajibu. Ng'ari anaogopa paka. Ng'ari hali mayai. Ng'ari huimba bafuni mpaka maji yanapoa. Kila kazi mpya ilimwongezea jambo moja, na kila alipotaka kukua walimpunguzia miaka ili aendelee kuwafaa.

Ndani ya chumba kile, na humo tu, waliitana Mama Ng'ari na Baba Ng'ari. Mtoto wa kuzaa hawakuwa naye. Kwa nini, hilo ni la kwao na daktari wao, sisi tusilichokonoe.

Walikuwa wameomba kuasili mtoto. Makaratasi yote yalikuwa yamekamilika, nyumba ilikuwa imekaguliwa, na afisa wa ustawi wa jamii, mwanamke mwenye subira ya kupigiwa mfano, alikuwa amewapeleka kwenye makao ya watoto kumwona msichana wa miaka mitatu. Mlezi wa makao alimwita Bosi, kwa jinsi alivyowaamuru wakubwa kwa wadogo wamfuate nyuma. Fundi alikaa mkekani na Bosi wakajenga nyumba ya vibao, na kabla nyumba haijafika dari, mwanamke alikuwa keshakwisha. Alimpenda yule mtoto pale pale, bila kujizuia wala kuona haya.

Mvunjaji, yeye, alisimama dirishani akikagua komeo. Akalifungua, akalifunga, akamwuliza mlezi kama mtoto anaweza kulifikia. Mara moja tu mlezi aliitwa mlangoni, akampa Mvunjaji ambebe Bosi. Mwanaume akasimama wima na mtoto mikononi, shingo imekakamaa, hageuki kulia wala kushoto, hata macho hayapepesi, mpaka mlezi aliporudi kumpokea. Fundi alimwona kutoka mkekani na akanyong'onyea. Alijua mumewe anavyokuwa akiwa na furaha, na ile haikuwa furaha.

Tangu siku ile zikaanza "na kama." Mvunjaji alimpigia afisa simu mara kwa mara. Na kama akiugua ghafla? Na kama akitukataa? Na kama akikua akatuuliza jambo tusilolijua? Afisa alijibu yote, moja baada ya jingine, mpaka Jumatatu moja akasema kwa upole, "Baba, maswali yako ni mazuri, lakini kabla ya wiki hii kwisha nataka neno moja, ndiyo au hapana. Kuna familia nyingine inayomwulizia. Na mtoto amesubiri vya kutosha."

Fundi alisikia, maana simu ilikuwa imewekwa sauti kubwa. Akageuza kiti.

"Haya. Umesikia."

"Nimesikia."

"Unasemaje?"

"Mwenda pole hajikwai, Mama Ng'ari."

"Na mwenda pole akifika soko limefungwa, anunue nini? Mageti?"

Mvunjaji hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa shati, jambo alilolifanya alipokosa pa kukimbilia. "Sikiliza mke wangu. Fomu nikiiharibu, wewe unaitengeneza. Ndiyo kazi yetu, na tunaiweza. Sasa mtoto tukimharibu, nani atamtengeneza? Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Mimi kila kitu nikikishika naona pale kitakapovunjikia. Nitamtazama yule mtoto kwa macho gani?"

Fundi alitaka kumkumbatia na alitaka pia kumpiga kwa kibodi. Hakufanya hata moja, maana simu ililia tena, na safari hii alikuwa ni Mwalimu Mkuu wa shule ya chekechea, na Mwalimu Mkuu akipiga simu hakuna mwingine anayeongea.

Fomu ya kuandikisha watoto, ambayo Fundi aliikabidhi kwa fahari wiki iliyotangulia, ilikuwa imewatia wazazi wazimu. Baba mmoja aliambiwa mwanawe amezaliwa mwezi wa kumi na nne. Mama mwingine alijaza tarehe tatu mwezi wa tano, shule ikapokea tarehe tano mwezi wa tatu. Na wengine waliandika tarehe kila namna wanayoijua, fomu ikawajibu kwa maandishi mekundu, "Tarehe si sahihi," mpaka bibi mmoja akaja shuleni mwenyewe kusema kwamba siku mjukuu wake alipozaliwa yeye alikuwepo, kompyuta haikuwepo.

Fundi alicheka, kisha akaona aibu, kisha akaanza kazi. Kosa lilikuwa ni urembo wake mwenyewe. Alikuwa ameweka kalenda ndogo nzuri ya kuchagulia tarehe. Kwa Shangazi kalenda ilifunguka kama ilivyotakiwa. Kwa Mjomba haikufunguka, ila badala ya kulalamika, Mjomba alichukua chochote ulichoandika na kusoma namba ya kwanza kama mwezi. Babu naye hakuijua kalenda kabisa. Alikuonyesha kisanduku kitupu, kisha skripti ikakihukumu kwa sheria ambazo hakuna aliyekwambia.

"Urembo mwingi, akili kidogo," alijisema, akaifuta kalenda yote. Mahali pake aliweka visanduku vitatu vya kawaida kabisa: siku, mwezi, mwaka. Skripti aliiandika upya ihesabu yenyewe, isitegemee kivinjari chochote kuelewa tarehe ni nini. Kisha akatengeneza nakala ya kujaribia, akaongeza mstari mmoja mfupi wenye amri kwamba kila kinachotumwa kutoka nakala hii kisiende shuleni, kiende kwenye kapu la majaribio. Huo mstari aliuandika kwa mtindo mpya, wa kisasa, maneno machache. Aliuona mzuri. Hakujifunza.

Mvunjaji akachukua zamu. Akamwandika Ng'ari kwa Shangazi, akapita. Kwa Mjomba akapita, na ishirini na tisa Februari ikabaki ishirini na tisa Februari. Akapiga magoti, akasema maneno yake ya mvunguni, akamwandika kwa Babu. Jina, tarehe, majina ya wazazi, na namba ya simu, ambayo ilikuwa ya ofisi kwa kuwa skripti ilikataa namba za uongo. Akabonyeza kitufe.

"Imekubali!" alipiga kelele toka chini ya meza. "Mama Ng'ari, Babu kakubali bila neno."

Fundi alifurahi. Angejiuliza kidogo tangu lini Babu anakubali bila neno, angeepuka mengi. Fomu iliyotengenezwa ikarudishwa shuleni, wazazi wakatulia, na wao wawili wakanyamaza kuhusu lile jambo jingine. Jumanne ikapita hivyo, kila mmoja mwema kwa mwenzake kupita kiasi, wakipishana mlangoni kama wageni.

Jumatano asubuhi simu ikalia. Fundi akaipokea.

"Mama Ng'ari!" ilisema sauti ya Mwalimu Mkuu.

Fundi aliibana simu sikioni. Hakuna mtu nje ya chumba kile aliyewahi kumwita hivyo.

"Wewe mwanamke wewe! Tunaongea kila siku, fomu hivi, fomu vile, kumbe una mtoto na husemi! Nimeiona orodha asubuhi hii, nikaona jina, nikaona namba ya simu, nikasema hii si ya Fundi? Machozi yalinitoka, nakwambia. Nafasi ilikuwa imebaki moja tu, na watu wanaililia, nikasema hii ni ya Ng'ari. Begi lake lina ndoano yake tayari, nimeandika jina kwa mkono wangu. Sasa Ijumaa saa tatu njooni wewe na baba yake, siku ya mahojiano ya wazazi. Mtoto muacheni nyumbani. Hongera sana, mwanangu. Hongera." Akakata.

Fundi aliishika simu hewani kwa muda. "Baba Ng'ari," alisema mwishowe.

"Naam."

"Mtoto kapata shule."

Ikawabidi walitafute kosa kwanza, kwa kuwa lisipopatikana lingeweza kurudia. Hawakutafuta sana. Fundi alisoma skripti mstari kwa mstari mpaka kwenye ule mfupi, wa kisasa, wenye amri ya kapu la majaribio, akashika kichwa. Shangazi aliuelewa. Mjomba aliuelewa. Babu hakuuelewa, akauruka kimya kimya kama kawaida yake, akamtuma Ng'ari moja kwa moja shuleni.

"Nani kaandika huu mstari?" aliuliza Mvunjaji.

"Mimi. Nani kajaribu kwa Babu asiende kuangalia kapuni kama kimefika?"

"Mimi."

"Basi tumefaana."

Wakacheka, wakacheka mpaka Mvunjaji akashika meza. Fundi ndiye aliyeacha kwanza. Aliuandika upya ule mstari kwa maneno ya kizamani ambayo hata Babu angeyaelewa, akampigia Mwalimu Mkuu simu. Simu ilikuwa inatumika. Akapiga tena, ikawa inatumika. Angeweza kupiga mara ya tatu. Ukweli ni kwamba hakutaka. Kwa dakika nzima asubuhi ile mtu mzima mwenye akili timamu alikuwa amemwita mama wa fulani na kumpa hongera, na Fundi alitaka kubaki na hongera ile kidogo, hata kama haikuwa yake.

"Tutakwenda Ijumaa wenyewe," alisema Mvunjaji, kama aliyemsoma. "Hili ni la kuombea radhi uso kwa uso. Nafasi ya mtoto wa watu tumeikalia."

"Na lile la afisa? Nalo ni Ijumaa."

Mvunjaji alifuta miwani.

Ijumaa walivaa vizuri. Darasa walilopelekwa lilikuwa limehamishwa viti vya wakubwa, vimekwenda ukumbini, kwa hiyo wazazi walikaa kwenye viti vya watoto, magoti karibu na kidevu. Harufu ya chaki na sabuni ilikuwa imejaa. Ukutani palikuwa na ndoano za mabegi, kila moja na karatasi yake ya rangi na jina. Ya mwisho upande wa dirisha iliandikwa Ng'ari, na kile kialama cha juu kilikuwa mahali pake barabara. Fundi aliiangalia ndoano ile tupu, akaangalia sakafu.

Mwalimu Mkuu aliingia na kalamu na furaha zake. Alikuwa mfupi, mwepesi, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni, na hakuwapa nafasi ya kusalimia vizuri. "Karibuni, karibuni, Baba Ng'ari, Mama Ng'ari. Wazazi wako kumi nje, tusipoteze muda. Maswali ni yale yale kwa kila mtu, tunataka kumjua mtoto kabla hajafika. Haya. Anaogopa nini?"

Fundi alifungua kinywa aseme, Mwalimu, kuna jambo. Macho yakamwenda kwenye ile ndoano, maneno yakampotea. Basi Mvunjaji ataanza yeye, aliwaza.

"Maputo," alisema Mvunjaji.

Fundi akamgeukia. Ng'ari anaogopa paka. Miaka yote, kwenye kila fomu, ni paka.

"Siyo puto lenyewe," Mvunjaji aliendelea, akiwa ameinamisha kichwa, sauti ya chini. "Ni ule mlio. Akiliona tu, anaziba masikio kabla halijapasuka. Anapita mbali nalo, mgongo ukutani, mpaka limekuwa nyuma yake."

Kwenye makao, Fundi alikumbuka, palikuwa na puto jekundu limefungwa mlangoni, limenywea nusu. Hakuwa ameona mtoto akilipita.

"Maskini," alisema Mwalimu Mkuu, akiandika. "Anavaa mwenyewe?"

"Viatu. Ila cha kulia anakiingiza kushoto. Ukimwambia, anakutazama miguu yako, anakwambia wewe ndiye uliyekosea."

Mwalimu Mkuu alicheka mpaka kalamu ikamponyoka. "Huyo nampenda tayari! Kula je?"

"Anakula. Lakini ndizi lazima amenye mwenyewe. Ukimmenyea keshaghairi, hata kama ana njaa. Basi umpe, usubiri, hata kama anaiponda."

Fundi hakuwa tena anatafuta pa kuingilia. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani na alikuwa akimsikiliza mumewe kama mtu anayesikia habari za nyumbani akiwa mbali. Ndizi zililetwa na mlezi saa ya kupumzika. Mvunjaji wakati huo alikuwa kwenye komeo lake la dirisha, mgongo umewaelekea. Au Fundi alidhani umewaelekea.

"La mwisho," alisema Mwalimu Mkuu. "Akilia, tumbembelezeje?"

Mvunjaji aliinua uso. Mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye sikio lake.

"Mbebeni," alisema. "Msiongee. Yeye atatafuta sikio lako, hapa chini, penye nyama, atalishika kwa vidole viwili na kulisugua pole pole. Basi wewe usijitikise. Usigeuze shingo, hata macho usipepese. Ukijitikisa kidogo tu, anaacha. Na mtu hataki aache."

Fundi akaiona tena ile picha: mwanaume wima katikati ya chumba, shingo imekakamaa, mtoto mikononi. Siku zote hizi alikuwa ameibeba picha ile kifuani kama mzigo. Kumbe mumewe hakuwa ameogopa. Alikuwa ametulia ili aendelee kushikwa sikio. Fundi alihisi machozi yanamjia na hakuyazuia.

Mvunjaji aliyaona. Akatazama kalamu ya Mwalimu Mkuu, akatazama ndoano ya mwisho ukutani, na ghafla akawa mwekundu wa macho na yeye.

"Mwalimu," alisema, "tumekuja kukuomba radhi. Ng'ari hayupo. Ni jina la kujaribia fomu, tunalitumia miaka yote. Kivinjari kimoja kilishindwa kuusoma mstari wetu kikakuletea. Kosa ni letu wote wawili, na tumeshalitengeneza. Nafasi si yetu, mpe mwenyewe."

 Mwalimu Mkuu aliweka kalamu chini. Akavua miwani ikaning'inia.

"Kwa hiyo," alisema, "nimempa nafasi mtoto wa hewa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na kuna mama ananipigia kila asubuhi, mimi namwambia mwanangu vumilia, nafasi zimejaa. Zimejaa nini? Zimejaa hewa!"

"Tusamehe, Mwalimu," alisema Fundi. "Ningekwambia siku ile ile. Sikukwambia kwa sababu… uliniita Mama Ng'ari."

Mwalimu Mkuu alimtazama kwa muda, na hasira iliyokuwa imeanza kupanda ikakosa pa kukaa.  Alichukua simu yake akampigia yule mama hapo hapo mbele yao, akamwambia nafasi imepatikana, na ukelele uliotoka kwenye simu ulifanya wazazi wa nje wachungulie mlangoni. Kisha akaenda ukutani, akabandua karatasi ya ndoano ya mwisho, akaikunja. Aliporudi hakukaa. Alisimama mbele ya Mvunjaji, ambaye bado alikuwa kwenye kile kiti kidogo, kwa hiyo macho yao yalikuwa sawa.

"Na huyu wa viatu?" aliuliza. "Wa ndizi. Wa sikio. Huyo naye umemtunga?"

"Hapana. Huyo yupo."

"Yuko wapi?"

"Kwenye makao ya watoto. Anasubiri." Mvunjaji alivua miwani. "Ananisubiri mimi."

"Ana miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Umeonana naye mara ngapi?"

"Mara moja."

Mwalimu Mkuu alifungua mlango wa darasa akashika kitasa. "Mara moja," alisema. "Nina wazazi huko nje nimewauliza maswali haya haya kuhusu watoto waliowazaa, wakatazamana. Sasa mimi unanieleza nini, Baba? Si uende ukawaeleze wenye mtoto!"

Wakatoka. Uwanja ulikuwa na mchanga na bembea mbili, na jua lilikuwa limeanza kukolea. Fundi hakusema neno, ingawa maneno yalikuwa yamemjaa mpaka kooni. Alimjua mtu wake: ukimsukuma anapiga breki. Walifika getini. Hapo Mvunjaji akasimama, akatoa simu, akaitazama kama anayetafuta kosa ndani yake, akaiweka sauti kubwa ili mkewe asikie.

Afisa alipokea haraka. Alimtambua kabla hajajitambulisha, na pumzi aliyoivuta ilisikika mpaka getini.

"Haya Baba," alisema kwa ile subira yake. "Leo ni siku ya mwisho, unajua. Na kama nini?"

"Na kama tukija sasa hivi?" alisema Mvunjaji.

 Upande wa pili kikasikika kitu kama kiti kikisogezwa.

"Mje," alisema afisa. "Mje, mje. Nawapigia makao sasa hivi, wamzuie asilale."

"Waambie wasimzuie," alisema Mvunjaji haraka. "Kama amelala, tutangoja."

Akakata simu. Hapo hapo akaanza kusema kwamba lile dirisha la chumba cha nyuma komeo lake liko chini mno, itabidi lipandishwe, na kompyuta ya chini ya meza ina nyaya, itabidi zifungwe, na kama mtoto akiingia mvunguni, na kama akibonyeza, na kama…

Fundi aliinua mkono, akamshika sikio, pale chini penye nyama, kwa vidole viwili. Mvunjaji akanyamaza. Akasimama wima, shingo imekakamaa, macho hayapepesi, na hakujitikisa.